Alikolala Maganga

Jumatatu, 2 Juni
Nimepaka mashuka matatu dawa ya picha, ile inayogeuka buluu ikipigwa na jua. Yanakauka chumbani, madirisha nimeziba. Kesho wateja watalala juu yake juani, kisha nisuuze. Walipolala panabaki peupe, kwingine kote buluu. Hapa Geita wachumba wanazipenda picha hizi. Wakikumbatiana, hutoka kivuli kimoja.

Maganga, ninayeishi naye, anakohoa tangu asubuhi. Vumbi la mawe ya dhahabu aliyosaga machimboni Nyarugusu.

Alhamisi, 5 Juni
Leo tumelala sisi wenyewe, uani, mimi na Maganga. Nilimwomba asitikisike. Alijitahidi. Kikohozi kikamkunja.

Nimesuuza. Mimi nimetoka wazi mpaka vidole. Yeye ukungu mtupu. Mkono wangu umeshika ukungu.

Kacheka. "Kabula, mbona nimetoka vizuri tu."

Sikucheka.

Jumamosi, 14 Juni
Hospitali wamesema mapafu yamekwisha. Kaka yake amekuja na gari kumrudisha kwao, kijijini Shinyanga. Nikafunga nguo zangu pia.

"Shemeji, wewe baki," akasema. "Ng'ombe wa mahari hatujapeleka kwenu. Ukifika pale tutasema wewe ni nani?"

Miaka yote hii naitwa shemeji. Maganga alitaka kusema kitu, pumzi ikamkatikia. Wakaondoka naye.

Jumatano, 18 Juni
Simu yake haipatikani. Ya kaka yake inaita tu.

Jumapili, 22 Juni
Wachumba wamekuja. Nimewalaza juani, wametulia kama mawe. Picha safi kabisa, kivuli kimoja. Nimeichukia.

Nilidhani kazi hii inaonyesha watu wanavyoshikamana. Uongo. Inaonyesha tu nani aliweza kutulia.

Walipoondoka nimemwaga dawa yote.

Ijumaa, 27 Juni
Amezikwa. Jana.

Nimeambiwa na bodaboda mmoja, mtu wa kijijini kwao. Alidhani najua. Akanipa pole, kisha akaona uso wangu.

Siwezi hata kulia kwa sauti. Majirani watauliza msiba uko wapi. Nitawaambia uko wapi?

Jumapili, 29 Juni
Nimepanda basi mpaka Kahama, kisha pikipiki. Hakuna aliyeniita. Nimekuja tu.

Kaka yake aliniona nikishuka. Akageuza uso, akaingia ndani.

Mama yake alikuwa nje, peke yake, kwenye mkeka. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mayu," nikamwita mama, kwa Kisukuma.

Akanitazama usoni.

"Marahaba. Wewe ndiye Kabula?"

"Ndiyo."

"Alikutaja mpaka mwisho. Nikawaambia wakuite. Hawakunisikia."

Hasira niliyokuja nayo sikujua niiweke wapi. Yeye naye hawakumsikia.

Akasogea, nikakaa. Kaburi linaonekana kutoka pale, nyuma ya zizi, udongo bado mwekundu. Akaniuliza kama nimekula. Akaleta viazi vya kuchemsha, sahani moja. Tumekula pamoja. Jua limezama, ng'ombe wamerudi, na hakuna aliyeniambia niondoke.