Kamba ya Nyumba ya Ccanahuire

Jumanne, 4 Juni

Tumeondoka Lima, hatimaye! Basi la saa nne limeondoka saa tano na nusu, na Rolando kanuna utadhani limemchelewesha harusini kwake. Safari hii ni yake. Ameipanga miezi minane kwenye daftari la mirabaraba — saa, dakika, mpaka mahali pa kwenda haja. Nilimwambia tutafute wakala atutembeze. Akanijibu: dada, mawe ya babu zetu tuelezwe na mtu wa kukodi? Mwalimu wa hesabu ni mwalimu wa hesabu hata likizoni.

Tuko wanne. Mimi, mdogo wangu Rolando, mama, na binti yangu Yamile, miaka kumi na tano, ambaye hakutaka kuja na amehakikisha kila abiria analijua hilo.

Rolando anataka magofu. Mama hana habari na magofu. Yeye anataka kitu kimoja: Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi, awe kijijini kwetu na kamba mkononi. Daraja letu la nyasi hufumwa upya kila Juni, na kila nyumba huleta kamba yake, pima thelathini. Tangu tuhamie Lima, miaka thelathini na mitatu, mama mdogo Gumercinda alisokota mbili — yake na yetu. Alifariki Novemba. Mwezi uliopita mwenyekiti wa kijiji akapiga simu. Nyumba isiyoleta kamba mwaka huu inafutwa kwenye daftari la kijiji, na shamba lake wanapewa wengine.

Si shamba linalomuuma mama. Ni jina la baba, Eleuterio Ccanahuire. Kila mwaka linaitwa pale juu ya mto, na mtu anajibu. Likifutwa, basi.

Mama amekaa dirishani na gunia tupu mapajani. Gunia tupu! Nilimuuliza. Akasema nyasi za Lima hazifai hata kwa sungura.

Alhamisi, 6 Juni

Cusco. Tuliingia jana tukiwa tumekunjamana kama nguo za mnadani. Yamile alitapika mara tatu njiani, kichwa kinampasuka kwa sababu ya urefu wa milima. Leo chai ya majani ya koka, dawa ya huku juu, imemrudisha duniani, na ulimi wake pia umerudi. Anauliza watu waliishije mahali hewa yenyewe imekatwa nusu.

Asubuhi nilikuwa napita uchochoroni kununua mkate. Kuna mtu alikuwa anapika kwa samadi kavu. Ule moshi! Nilisimama katikati ya njia nikalia kama mjinga. Jiko letu lile, simbilisi wetu wa kufugwa wakipita miguuni, baba anaingia akipangusa baridi kwenye kofia. Nilikuwa na miaka tisa tulipoondoka. Mwaka ule wa bunduki za waasi na jeshi. Baba alizikwa Jumapili, na wiki mbili baadaye tulikuwa Lima tukilala sakafuni kwa watu. Rolando alikuwa na miaka mitatu, hakumbuki chochote — labda ndiyo maana anapenda mawe.

Nimejaribu kuikumbuka mikono ya baba. Haiji. Kofia tu ndiyo inakuja.

Mchana supu ya viazi vikavu. Yamile kaiangalia kwa mashaka, akashika kijiko kwa mkono wake wa kushoto, akala sahani mbili. Mama alikuwa akimtazama muda wote.

Ijumaa, 7 Juni

Leo mama katuaibisha kwenye magofu ya Sacsayhuamán, juu ya mji!

Daftari lilisema dakika hamsini za kuta. Rolando yuko mbele ya jiwe kubwa kuliko nyumba, anatueleza uzito wake. Nageuka — mama hayupo. Mara filimbi. Mama yuko kule nyuma ya kuta, sketi zote tatu kazikusanya kiunoni, anang'oa nyasi. Gunia limeshafika nusu.

Mlinzi akaja mbio. Mama, hapa hakiguswi kitu, ni urithi wa taifa!

"Jiwe sijaligusa," mama akamjibu. "Jiwe lako hilo hapo. Mimi natafuta nyasi."

"Nyasi nazo ni za serikali, mama yangu."

"Serikali inasokota?"

Yamile akajifunika uso na kofia. Lakini yule mlinzi naye akaishika nyasi moja, akaivuta kwa vidole viwili kupima ukakamavu wake. Nikajua hapohapo: huyu ni mtu wa milimani, wa kwetukwetu. Akauliza ni daraja gani. Mama akamwambia. Akavua kofia. Akasema, taratibu, eti wakubwa wasisikie: vuka uzio, panda kile kilima, huko ni kwa mjomba wangu na zinakufika kiunoni.

Tulishinda huko hadi saa tisa. Rolando alikata mistari minne ya ratiba kwa kalamu nyekundu. Alisikitisha, kwa kweli.

Jumapili, 9 Juni

Machu Picchu. Mimi ni mtu wa Canas, mkoa huuhuu wa Cusco, nina miaka arobaini na miwili, na leo ndiyo mara ya kwanza nimefika. Wageni wanatoka ng'ambo ya dunia!

Rolando alisimama juu kabisa, ukungu ukafunguka, akaanza kulia. Akasingizia jua. Nilimpenda sana dakika ile, mdogo wangu na daftari lake.

Mama alikaa kwenye ukingo wa ngazi za mashamba ya zamani, akatoa nyasi alizoziloweka usiku hotelini kwenye beseni la kufulia (wenye hoteli wakitusamehe ni huruma yao), akaendelea kusokota. Amefika pima kumi na tatu. Wageni wanampiga picha. Nikamwambia mama, inua macho basi, angalia hata kidogo. Akainua. Akaangalia kwa makini, chumba kwa chumba, jinsi anavyokagua sufuria sokoni.

"Wamejenga vizuri," akasema. "Paa ziko wapi?"

Rolando akamweleza zilikuwa za nyasi, zimeoza miaka mia tano iliyopita.

"Basi. Mawe hayamhitaji mtu. Ndiyo maana hapa hapana mtu." Akarudi kwenye kamba yake.

Kwenye treni ya kurudi vidole vyake vilikuwa vimevimba mpaka havikunjiki. Baridi yabisi. Alijaribu mara mbili, nyasi zikamponyoka. Mara ya tatu akageuka upande wa dirisha, nikaona bega linatikisika. Sijawahi kumwona mama akilia tangu lile kaburi.

Na ni Yamile aliyehamia kiti cha pembeni yake. Kavua vile vitu vya masikioni. "Bibi, nionyeshe."

Jumatatu, 10 Juni

Wamesokota siku nzima, wawili hao: mama anapanga nyasi, Yamile anasokota. Kwenye basi, stendi, mezani. Yamile anaenda kasi kuliko mama alivyokuwa akienda. Anaimba nyimbo zake za simu, mama anaitikia pasipoitikiwa, wanacheka mpaka wanakohoa. Miaka kumi na tano hawajawahi kuwa na la kuongea zaidi ya "umekula?"

Jioni nikaichukua ile kamba kuikunja. Mimi ni fundi cherehani, uzi naujua kwa kidole gumba. Sehemu ya mama msokoto unakwenda kulia. Sehemu ya Yamile unakwenda kushoto.

Yote. Tangu treni.

Mtoto ni mashoto, angesokota vipi? Kwetu kamba ya kushoto ni ya kufungia wafu na kufukuzia husuda. Na hata mtu asiyejali hayo — ukiichanganya na za kulia kufanya kamba kubwa, inajifungua yenyewe. Fundi wa daraja hupitisha kila kamba kiganjani akiwa amefumba macho. Ataikataa. Mbele ya watu wote.

Mama akauliza kutoka kitandani: iko sawa?

Nikasema iko sawa. Mungu wangu. Nimesema iko sawa.

Jumatano, 12 Juni

Nyumbani. Siwezi kuandika vizuri, vidole vimeganda.

Ukuta wa uani bado upo. Paa limekwenda, jikoni kumeota mti. Nilisimama mlangoni, urefu wa mlango unanifika kidevuni — na mimi nilikuwa naukumbuka kama mlango wa kanisa! Mawe matatu ya jiko yapo vilevile. Nimeyashika moja moja.

Tumetandika kwenye chumba cha mama mdogo Gumercinda. Mzee Casimiro, mwenyekiti, kaja kutusalimia na mfuko wa koka. Mtu mpole, kwa hiyo maneno yake yakachoma zaidi. Majina yataitwa asubuhi, kasema, kila nyumba mara tatu, na isiyojibu inafutwa kwa kalamu. Sisi si wabaya, Mama Sabasta, lakini kuna vijana hapa wanafuma kila mwaka na hawana shamba, na kuna majina ya watu ambao hata vumbi lao halipo. Mama akamwonyesha bunda la kamba, pima thelathini kamili. Mzee akaligusa kwa juu tu. Akafurahi. "Eleuterio Ccanahuire ana watu!" akasema. Mama alikuwa anang'aa. Sijui neno lingine. Anang'aa.

Yamile akaniambia sikioni: mama, umesikia? Hiyo nusu ni yangu.

Ningesemaje?

Ninachokumbuka kuhusu siku ya daraja ni alfajiri zake. Nilikuwa naamka kwa mdundo wa jiwe linaloponda nyasi. Natoka nje na blanketi, namkuta mama amekaa kwenye kizingiti, kamba imelala mapajani, mikono inakwenda mbiombio. Baba ndani anakoroma. Nikidhani ni mwanamke mchapakazi tu, anamalizia.

Kesho nitamwambia mama. Kabla ya kifungua kinywa.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika nikiwa nimekalia ncha ya kamba. Nimeamriwa. Nikiinuka, inafunguka.

Niliamka kwa mdundo wa jiwe. Kwanza nikadhani naota, nina miaka tisa. Nikatoka. Mbingu nyeupe kidogo tu, umande umekuwa barafu, na mama kwenye kizingiti cha nyumba yetu isiyo na paa. Anaisokotoa sehemu ya Yamile na kuisokota upya kwenda kulia. Kwa vidole vile! Pima sita alikuwa ameshamaliza. Zimebaki kumi na moja.

Nikapiga magoti. Mama, nilijua tangu Jumatatu, nisamehe.

"Mimi nilijua tangu kwenye treni," akasema. "Shika hapo."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtoto. Akaniangalia kwa jinsi ya kunionea huruma.

"Baba yako alikuwa mashoto," akasema. "Kila mwaka anasokota nusu yake, anajisifu kijiji kizima, analala. Mimi naamka naifungua. Miaka kumi na mmoja. Hakujua hata siku moja."

"Hukumwambia?"

"Ili iweje? Alikuwa anaimba akisokota."

Na hapo ikaja, mikono yake. Mkono wa kushoto wa baba ukinivisha kofia, wa kulia ukinishika kidevu. Ikaja mizima, na kovu lake kwenye kidole cha shahada. Miaka thelathini na mitatu, na kumbe ilikuwa imekaa hapa, kizingitini. Nimelia, nimelia. Mama akasema nisilowanishe nyasi, zimelowa vya kutosha.

Tulipogeuka, Yamile alikuwa nyuma yetu na blanketi. Alikuwa amesikia yote. Akatazama kazi yake ikiwa imefunguliwa, imelala chini kama nywele. Nikajua sasa ni kilio na mlango kupigwa — ingawa mlango hakuna. Akakaa. "Kulia ndiyo vipi?" akauliza. Mama akamshika kiwiko: sukuma mbele, kama unafungua mlango mzito. Nyasi nyingine uzishike kwa meno.

Mimi nilifukuzwa baada ya pima moja. Mikono ya cherehani, mama kasema, inabembeleza. Nenda kakae pale mwisho. Kwa hiyo nimekaa, na kalamu.

Jua limetoka. Kamba imeshuka uani, imevuka shamba, Rolando kaishika ncha ya mwanzo kule chini kwenye kona ya ukuta, tayari kukimbia nayo. Wanawake hatukaribii daraja, ni yeye atakayeipeleka. Anaona watu mtoni. Anapiga kelele za hesabu: "Nyumba tisa kabla yetu! Pima nne! Kwa mwendo huu hatuwahi, dada!" Namwambia anyamaze. Hanyamazi.

Nyumba tano.

Vidole vya mama vinatoka damu pembeni ya kucha. Yamile kavifunga kwa utepe wake wa nywele. Pima tatu.

Nyumba mbili. Upepo unaleta sauti ya mzee Casimiro wazi kabisa, na kila jina linajibiwa na ng'ambo ya mto.

Ccanahuire!

Ndiyo sisi. Rolando anatuangalia, mkono juu, hathubutu kujibu bila kamba.

Pima moja na nusu. Mama hainui kichwa, mdomo wake umejaa nyasi, hawezi kujibu hata akitaka. Mimi nikisimama nipaze sauti, kamba yote inafunguka.

Ccanahuire! Mara ya pili.

Yamile anazitema nyasi. Amepanda juu ya ukuta wa baba, kamba bado kaibana chini ya kwapa, mkono wa kushoto umeinuka juu kabisa, na anavuta ile hewa yetu iliyokatwa nusu —