Kifua cha Kwetu

Jumatatu, 5 Agosti 2013
Nimekohoa tena kwenye karasha. Mashine inasaga mawe ya dhahabu, vumbi linapanda, mimi nimeinama nashika mbavu. Mume wangu Luhaga yuko palepale anapiga mluzi. Kazi hii hapa Galula tuliianza pamoja, vumbi ni lilelile. Yeye hata mafua hana! Eti mimi napenda mno maji ya baridi.

Alhamisi, 8 Agosti
Hospitali. Makohozi hayana TB. Nikafurahi—kidogo tu. Daktari akauliza kwetu nani mwingine alisumbuliwa na kifua. Nikamtaja dada Getruda. Naye alisaga mawe. Tulimzika tukijua ni TB.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema vumbi linachubua mapafu ya kila mtu, ila miili haifanani. Mwingine anachubuka, anapona. Mwingine kazaliwa na mwili usiojua kutulia: ukiguswa na vumbi unavimba ndani, unazidi kuvimba, mwisho mapafu yanabaki makovu. Mara nyingine hali hiyo hutembea kwenye ukoo. Nikauliza, na mtoto wangu je? Akasema huenda amechukua kwangu, huenda kwa baba yake. Kipimo hapa hakuna. Asivute vumbi, basi.

Ruti wangu! Macho yangu, vidole vyangu. Na mapafu?

Jumapili, 11 Agosti
Nimemwambia Luhaga. Akauliza: "Mama Ruti, mbona mimi mzima?" Nikamwambia mwili wako ni wako. Akanitazama kama namsimulia ndoto.

Mchana Ruti alisinzia. Nikaweka sikio mgongoni kwake. Sikusikia kitu. Nikaogopa zaidi.

Jumatano, 14 Agosti
Siendi karasha. Naogopa hata kufagia.

Jumamosi, 17 Agosti
Luhaga amekuja na trekta. Nyuma—karasha! Kaishusha uani, karibu na jiko. Anacheka, jasho linamtoka. Eti kaniletea kazi nyumbani, nisihangaike kwenda mbali na kifua hiki. Kafanya kwa upendo, Mungu wangu, kwa upendo!

Nikamwambia usiwashe. Akasema anajaribu tu mkanda wa mashine. Ikanguruma. Ruti akawa anapiga makofi katikati ya vumbi! Nimemnyakua, tumeingia ndani, komeo. Kanga chini ya mlango, shuka dirishani.

Mashine kaizima. Anagonga taratibu. "Mama Ruti, fungua basi, tuongee."

Nataka kumfungulia. Lakini vumbi bado halijatua—naliona kwenye mwanga pembeni mwa shuka, limo humu humu.

Ruti amekohoa.

Ameacha. Nasikiliza—