Imbwa Yenye Ilimuluma Mutoto Wangu Isikufe

Jumatano, 10 septembre

Imbwa ya jirani imemuluma Shekinah wangu. Muguu wa kushoto, nyuma, fasi ya nyama. Meno ine zinaonekana, zimejipanga sawa vile mutu alipima na règle.

Ni imbwa ya Mama Simone, muke wa Papa Ilunga wa bureau ya État. Batu ba Kasaï, banapanga kando yetu hapa Mususa. Jina ya ile imbwa ni Batasema. Jina gani hiyo! Tangu tuligombana juu ya mufereji wao wenye kuleta maji mu kiwanja changu, asubui na mangaribi nasikia Mama Simone anaita: Batasema! Batasema! Na mimi siko mujinga. Kila mutu anajua, jina ya imbwa njo barua kwa jirani.

Shekinah aliikuta inalamba sufuria. Akataka kuigusa mugongo. Miaka sita — anapenda kila kitu yenye manyoya.

Tulikimbia ku centre de santé. Infirmière, muuguzi wa pale, alisema mbele ya yote maji na sabuni, mingi, usichoke. Tuliosha mpaka kidonda kikakuwa cheupe, mutoto analia, mama inatosha, mama inatosha. Kisha sindano ya vaccin. Moja tu ilikuwa mu frigo. Zenye kufuata hazipo, shurti tutafute ku muji wa Beni.

Halafu akauliza, imbwa iko wapi? Nikajibu, bavijana banaenda kuiua. Akaruka! Mama, hapana! Ikikufa leo tutajua nini? Ananielezea: rage, ule wazimu wa imbwa, ukishaamuka ndani ya mutu hakuna dawa tena. Lakini imbwa yenye iko nayo mu mate haiwezi kuificha siku kumi. Itakataa chakula. Itashindwa kumeza maji. Mate itamwangika, itakufa. Kama siku kumi zinapita na ingali inakula na kunywa, mutoto ameokoka.

Nilikimbia! Kandambili moja ilibaki mu njia. Nikakuta Malachie wa garage ya pikipiki ameshafunga kamba ku shingo, bengine na mafimbo. Nikajitupa katikati. Mimi! Mama ya mutoto! "Musiiguse! Musiiguse!" Malachie akacheka: Mama Shekinah, imbwa imekuluma wewe ao mutoto?

Mungu wangu. Umetundika uzima wa mutoto wangu mu shingo ya imbwa.

Alhamisi, 11 septembre

Onésime, bwana yangu, alipiga simu toka Kamango, ku mambo yake ya kakao. Kwanza alikuwa mukali: munaiacha nzima bado? Nikamwelezea. Kisha: "Basi ikule. Ikule muzuri kuliko mimi."

Docteur Edmond wa banyama alikuya na pikipiki yake. Aliiona mu kibanda cha mbuzi cha Mama Simone, mwenye tuliifungia ndani ya mbao. Hakuingia. Aliinama, akaangalia murefu, sawa mutu anasoma. Akasema, mama, hii imbwa iko na njaa, iko na minyoo, iko na kupe. Rage — siku zitasema. Mutu asiingize mukono. Sahani musukume na fimbo. Maji mapya kila asubui. Bugali na ndakala, zile samaki ndogo, za kuchemusha, bila chumvi mingi. Mifupa ya kuku hapana, inatoboa matumbo. Pilipili hapana.

Mama Simone akashangaa. Mais docteur, imbwa ya kulinda shurti ikule pilipili, ikuwe mukali!

Edmond: "Mama, ulishakula pilipili na tumbo tupu? Ulikuwa mukali ao ulikuwa mugonjwa?"

Tulicheka sisi wote. Kisha tukakumbuka tunachukiana, tukaacha.

Aliacha kidonge cha minyoo, tukifiche mu tonge. Nilimuuliza, na kupe? Akasema zingojee, mpaka siku kumi ziishe. Sasa mutu asiiguse.

Ijumaa, 12 septembre

Imekula! Tonge la kwanza ilichambua — ikameza bugali, ikatema kidonge pembeni, safi kabisa. Ikaniangalia. Hata Shekinah hanidanganyi vile! Mara ya pili nilikifunga ndani ya kichwa cha ndakala. Ikameza yote.

Nilikaa pale mpaka jua likapanda. Sikujua imbwa inakunywa maji vile. Ulimi unajikunja kwa nyuma, sawa kijiko, unachota, unatupa mu koo. Haraka haraka na hakuna tone inapotea. Nani aliifundisha? Miaka yote imbwa zinapita mbele ya mulango wangu, nazitupia jiwe, sijapata kuangalia.

Jumapili, 14 septembre

Ku kanisa baliuliza nani ana ombi. Nilisimama. Nikataka kusema Bwana chunga mutoto wangu. Kinywa ikasema: Bwana chunga imbwa. Mustari wote wa bamama ukageuka! Mama moja akajificha mu kitambaa, mabega yanacheka. Nikakaa chini. Lakini ombi limeshaenda, haliwezi kurudi.

Tuliporudi, minyoo zilikuwa zimetoka. Yee Nyamuhanga, Mungu wa babu zetu! Ndefu, nyeupe, zingine zingali zinajizungusha. Mama Simone alishika mudomo. Ile yote ilikuwa mu tumbo, na sisi tunasema imbwa iko mulafi! Ilikuwa inalisha familia nzima. Tulimwanga majivu, tukachimba, tukazika mbali na fasi batoto banacheza, tukanawa na sabuni mpaka viwiko. Edmond alisema mayai yao inabaki mu udongo, inaingia mu batoto. Kesho batoto bangu bote, kidonge. Hata bale bakubwa.

Pale tunanawa, nikamuuliza. Nilichoka kubeba ile neno. Mama Simone, juu ya nini uliniitia imbwa jina?

Akanikodolea macho. Wewe? Mais maman, ile jina ni ya Kindu! Tulikuwa Kindu mbele ya kukuya huku, miaka ine sipati mutoto, bashemeji bananisema kila siku. Nikaleta mutoto wa imbwa mu nyumba, nikasema basi, batasema. Wewe sikukujua hata, ma chérie!

Miaka miwili nimekasirikia imbwa ya Kindu.

Jumatatu, 15 septembre

Papa Ilunga iko Beni kwa kazi. Alizunguka kutwa, ku lopitali, ku pharmacie, kwa marafiki yake. Vaccin hakuna. Banangojea, hawajui lini. Alisema pardon ku simu mara nyingi mpaka nikamuhurumia.

Donc inabaki imbwa.

Shekinah anaruka kamba. Hajui kitu. Kila akisema nasikia kiu, roho yangu inasimama mpaka ameze.

Jumanne, 16 septembre

Imekula. Imekunywa. Manyoya ku shingo inaanza kuangaza kidogo. Asubui, mbele nisukume sahani, ilishasikia hatua zangu — za mimi, si za mutu mwingine! — mukia unapiga mbao, po, po, po. Nilijibu, "Ndiyo, Batasema, nimekuya." Nilisema vile na sauti, mu lupango, ndani ya kiwanja cha batu.

Shekinah anapiga kelele toka kwetu, mama, unamwambia nani?

Jumatano, 17 septembre

Zile kupe! Leo jua lilikuwa kali, nikaziona muzuri. Ku masikio, chini ya shingo, zimenona, sawa mbegu za mbarika, za kijivu. Kila saa zinakunywa damu. Nilifikiri kutwa nzima: kama kupe zinaimaliza mbele ya siku ya posho, ile Jumamosi yenye siku kumi zinaisha, ikakufa, nani atajua kama haikukufa na rage? Edmond alisema zingojee. Lakini Edmond hana mutoto pale.

Nikaenda kwa Malachie, nikaomba vidange, mafuta meusi yenye inatoka mu pikipiki. Huku kwetu imbwa yenye magonjwa ya ngozi banaipakaa vidange, tangu nilizaliwa naona. Alinipa kopo. Akasema, sasa unaipakaa mafuta, kesho utaivalisha kitenge.

Nilifunga kitambaa ku fimbo ya fagio, nikaingiza kati ya mbao. Sikutia mukono, hapana. Nikaipakaa masikio, shingo, mugongo wote. Ilitulia! Ilifunga macho, sawa mutoto unamuchana nywele. Kupe zikaanza kulegea, mbili zikaanguka.

Leo nitalala muzuri.

Alhamisi, 18 septembre

Mate inamwangika.

Mama Simone aliniita mu asubui, sauti haikuwa yake. Imbwa imelala pembeni, inatetemeka, mate nyeusi inashuka ku midomo kamba kamba. Bugali ya jana imeitapika. Ya leo haikugusa. Mukia haukupiga.

Nilikaa chini mu matope.

Ukuta umeshajaa batu. Malachie mbele yao: njo hiyo! Tulisema! Mate, tetemeko, kukataa chakula, ni nini tena? Mama Simone analia, anauliza, juu ya nini leo, jana ilikuwa muzuri!

Nikasema mbele ya bote. "Ni mimi. Niliipakaa vidange. Imejilamba."

Malachie akaangalia chini — kopo ilikuwa yake.

Mama Simone aliniangalia sana. Nilingojea matukano, ningeyapokea. Akasema tu: "Ulitaka kuisaidia?" Nikasema ndiyo. Akasema, basi simama, tumuite docteur.

Edmond alikuya. Alisikia harufu mbele ya kufika ku kibanda, akafunga macho. Hakunigombeza, na ile ilikuwa mubaya kuliko kunigombeza. Alisema mafuta inaweza kuleta yote hii: mate, kutapika, kutetemeka. Na rage pia inaweza. "Leo sina macho ya kutenganisha, mama. Jana ningeweza."

Tukaimwangia maji ya vuguvugu na sabuni ya sahani, kopo kwa kopo, kupitia mbao, mpaka maji yakatoka bila weusi. Malachie njo alibeba maji. Ndoo kwa ndoo toka kisima.

Edmond mbele ya kwenda: musiilazimishe kula. Angalieni koo. Imbwa ya mafuta itarudi ku maji. Imbwa ya rage itataka maji na koo itakataa.

Onésime nilimwambia yote. Anakuya. Nikamwambia barabara ni mubaya. Anakuya.

Ijumaa, 19 septembre

Naandika hapa hapa, ku kibanda, daftari ku magoti.

Nguvu ya imbwa imeisha lakini ingali nzima. Tetemeko limepungua kidogo, ao ni mimi nimezoea kuliona. Mate ingali, si nyeusi tena. Macho inanifuata. Tangu jana naona ile macho haina hasira na mimi. Niliipa sumu na mukono wa upendo, na inaniangalia sawa vile mbele. Sijui kama mutu angeweza. Ilimuluma mutoto wangu, na mimi niliiluma kwa njia yangu — na hata hivyo sisi wote tuko hapa, tunapumua pamoja.

Shekinah alifika ku ukuta. Nikamufukuza. Akasema, mama, mwambie Batasema sijakasirika. Nikaiambia. Nilisema kabisa, neno kwa neno. Sikio moja likasimama.

Malachie amekaa ku mulango wa lupango, fimbo mu mikono. Mama Simone alimuuliza, unangojea kuiua? Akasema: hapana mama, nafukuza batu.

Nimesukuma maji. Nimebadilisha mara tatu ili yakuwe safi.

Ameyaona.

Amejikokota. Sitasema tena "imbwa", amejikokota sawa mutu mugonjwa anatoka mu kitanda. Pua iko juu ya sahani. Hanywi. Mate inaanguka mu maji, tone, tone.

Mama Simone amenishika mukono. Vidole vyake ni baridi. Anasema polepole, usiangalie ulimi, angalia koo.

Ulimi umetoka. Umejikunja kwa nyuma, ile kijiko.

Naangalia koo.

Imepanda — imeshuka. Moja. Mama Simone anakaza, ananiumiza. Maji haikurudi. Ameinua kichwa, ananiangalia mimi. Kunywa, Batasema. Kunywa, mama yangu. Anainamisha tena kichwa, koo inapanda, inashuka: mbili, tatu, na maji hairudi.