Ubao wa Pembeni

Kaka yangu mkandarasi,

Huku hatujambo, ila mama bado anakohoa. Barua yako nimeisoma. Unataka ukoo mzima tuwekeze kwenye ghorofa utakayopandisha juu ya shule uliyotujengea, eti elimu inalipa. Huna hata haya!

Jana ubao wa darasani kwangu ulianguka. Siku zote nilijiuliza kwa nini uliupigilia ukuta wa pembeni, watoto wakasoma wamepinda shingo. Kumbe ulificha ufa! Mkono wangu unapenya mpaka nje.

Wanafunzi nimewahamishia uwanjani. Ndani nimeacha kiti kimoja tu, palepale chini ya ufa. Waite wawekezaji wako, kaka, ukikalie wewe mafundi wakianza kupandisha matofali.

Ni mimi dadako, mwalimu wa shule yako.