Rangi Haipapaswi

Karatu,
24 Novemba 2025

Dada Germana,

Eva ameshona gauni lake la sendofu kwa mkono wake mwenyewe, na mimi mama yake sitaliona! Macho yamekwisha, dada.

Nisamehe, nimetanguliza kilio kabla ya salamu. Tumsifu Yesu Kristu. Magoti yako yanaendeleaje? Na shemeji Tluway, kifua kimemwachia? Huko Endamarariek mahindi yameota, au mvua imewapita kama ilivyotupita sisi?

Sisi wazima, ila hayo macho. Daktari amesema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Eva sijamwambia. Anadhani ni miwani tu imechakaa. Akijua, hatakubali kumfuata mchumba wake Simel kwao Enguserosambu. Atabaki hapa kunishika mkono mpaka ujana umwishie. Ndiyo maana sikukupigia simu, kwa sababu yeye ndiye anayenibonyezea. Naandika kwa kupima mstari na kidole, ukikuta maneno yamepandana, vumilia.

Lakini mshono, dada! Karatu nzima hakuna msichana wa kumfikia, na wanaosema najisifu waje waupapase. Mabega yake si unayajua yalivyo membamba? Kayawekea mikono yenye marinda juu, kiuno kakibana, nyonga kaziachia kitambaa kianguke chenyewe. Nimepitisha vidole kote, sijakuta uzi uliopinda. Nani kamfundisha? Mimi.

Na rangi nilimfundisha mimi: usitazame kitambaa, tazama uso. Simama mlangoni penye mwanga, kiweke chini ya kidevu. Uso ukichangamka, kata. Ukififia, kunja, rudisha. Miaka ishirini na mbili sokoni sijamvisha mtu rangi ya kumzima.

Sasa sikia nilichofanya. Siku ya kuchagua, Eva alisimama mlangoni, nikamwekea vitambaa kidevuni kimoja kimoja. Uso sikuuona. Niliona ukungu, kama ule wa geti la kreta mwezi wa saba. Nikashika kimoja nikasema hiki ndicho, chekundu cha damu ya mzee, kinakuwasha kama taa. Akaniuliza taratibu kama nina hakika. Nikamfokea, eti tangu lini amenizidi ufundi. Akachukua mkasi, akakata.

Juzi Nareyu, yule Mmaasai anayeuza shanga jirani na cherehani yangu, kalishika gauni akacheka. Akasema Mama Eva, hii si rangi ya ugoro wa mume wangu? Bibi harusi amebaki kunuswa tu! Nikacheka naye. Kisha nikainamia cherehani, nikajifanya natafuta sindano.

Ugoro, dada. Mtoto wangu mweusi, mzuri vile, nimemvika ugoro, naye ataingia nao ukumbini kwa sababu mama kasema. Siku za kushona jingine zipo. Lakini kusema nimekosea ni kusema sioni, na nikisema sioni, haolewi. Mshono naupapasa, rangi haipapaswi. Nimelia mpaka nimechoka.

Nakuomba siku hiyo ukae ubavuni kwangu. Akiingia, vigelegele vikianza, niambie sikioni kwa Kiiraqw kama ni vya furaha au vya huruma. Usinifiche.

Hhando mwambie mama yake mdogo anamsalimu sana, na majirani wote wa huko uwafikishie: tunawangoja Jumamosi, tarehe sita Desemba, saa nane mchana.

Mdogo wako,
Laurencia, Mama Eva