Ufunguo Niliushika Mimi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na mgongo wako siku hizi unakuacha ulale. Mimi ni mzima, ila hayo nadhani ulishayajua, maana nimegundua hali yangu huwa unaiuliza kwa watu wengine. Nina hasira, dada, na nimeshindwa kuimeza.

Ijumaa bosi alifunga duka la miwani mapema, akatupeleka wote kwenye mchezo wa nyumba ya mizimu. Mnafungiwa katika chumba chenye giza, mnatafuta ufunguo wa kutokea, na maelekezo yote ni kwa lugha ya huku. Fundi wa fremu, yule unayemjua kwa utani wake, akasema nishike tochi tu, nisijichoshe na maneno. Bosi naye akanieleza mchezo polepole, kwa sauti ya juu, kama anayemwelekeza kiziwi. Nikashika tochi. Hata dukani ndiyo hali yangu: nasaga lenzi chumba cha nyuma, na kila nikiomba kuhudumia wateja kaunta naambiwa nivumilie, lugha itakuja.

Kuta zikaanza kugongwa, jeneza likafunguka lenyewe, wenzangu wakapiga mayowe na kucheka. Darini ilisikika sauti ya bibi kizee akilia. Kwao ilikuwa kelele ya kutisha tu. Mimi kila neno la lugha hii nimelipata kwa jasho, siwezi kuliacha lipite. Bibi alikuwa akimlilia mjukuu wake aliyezikwa na kiatu kimoja, na cha pili bado kiko chini ya kitanda. Nikawaambia ufunguo uko ndani ya kiatu. Fundi akanipigapiga bega, akawaambia wenzake kwamba maskini mtoto wa watu ameogopa, anataka viatu akimbie. Walicheka mpaka mmoja akakalia jeneza.

Nikaingia uvunguni mwenyewe, nikatoka na ufunguo. Sikufungua. Niliegemea mlango nikamuuliza bosi, kwa lugha yake, kwa nini ananinyima kaunta. Fundi akalalamika kwamba muda unakwisha. Nikamjibu kwamba mimi sina haraka, nimezoea kufungiwa.

Bosi akainamisha kichwa, akasema hilo nikamuulize dada yangu. Akasema ni wewe uliyemsihi, siku ulipoaga kazi pale dukani, asiniweke mbele ya watu kwa kuwa mimi ni mwepesi wa kulia na nitaaibika. Na kwamba mpaka leo unampigia simu kumuuliza kama nimeshazoea, naye anakujibu bado.

Miezi yote hii nimewachukia wale watu, nikidhani ndio waliofunga mlango. Ulinipokea, ukanitafutia kazi, ukaniachia hata godoro lako. Sikatai. Lakini ni nani aliyekutuma kunisemea, wakati mdomo ninao?

Niliwafungulia. Barabarani bosi akaniambia Jumatatu nianze kaunta. Leo nimemhudumia mzee mmoja mkali ambaye miwani ilikuwa ikimbana pua. Alinigombeza, nikamjibu, tukaelewana, akaondoka ameivaa. Sikulia. Nalia sasa ninapokuandikia, na si kwa aibu.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Usimpigie bosi tena. Ukitaka kujua naendeleaje, niulize mimi.

Ni mimi mdogo wako,
wa kaunta