Kisu Kilinolewa Nje ya Lango

Jumamosi, Jeppestown

Bado nausikia moyo wa yule kuku kwenye kiganja changu. Mchana nilimshika mimi pale uani, na baba mdogo akawa ananoa kisu mbele yake. Kuku anatetemeka, macho yote kwenye kisu.

Madrasa tulifundishwa kwamba kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini mimi shuleni nakaa kimya kwa Kiingereza, nyumbani nakaa kimya kwa Kiswahili, na kumkosoa mkubwa...

"Baba mdogo," nikasema, sauti kama ya mbu, "asikione."

"Nani?"

"Kuku."

Akanitazama. "Eish! Kumbe una mdomo! Miaka yote nadhani kaka yangu kazaa bubu."

Majirani wakacheka. Mashavu yakaniwaka. Lakini akainuka, akaenda kunolea nje ya lango.

Kisu kikawa kinasikika kwa mbali, kama manyunyu juu ya bati la watu wengine. Jua limetulia. Kuku akalegea mkononi mwangu, akafumba macho, nami nikafumba yangu.

Hakupona. Nilikula paja, na lilikuwa tamu. Ila alipofumba macho hakuwa anaogopa, na aliyesema ni mimi.